Darasa la kodingi la Jumamosi hapa Kisumu: wanakufundisha kufikiria kwanza, laptopu baadaye

Watu wa Kisumu mmekuwa mkiuliza kama hizi darasa za kodingi, yaani kuandika programu za kompyuta, za wanaoanza ziko na maana ama ni kula tu pesa za wazazi. Hii moja naijua vizuri juu nimekaa ndani awamu nzima, mimi na binti ya dada yangu aliyemaliza form four, nilienda kumlipia yeye nikajipata na mimi nimelipa. Jina la mahali siandiki, maana kuna mwalimu mmoja hapo nitamsema na sitaki ionekane naharibia watu biashara. Ni upande wa kutoka Kibuye ukienda Kondele, ghorofani, tuktuk inakuacha mlangoni.

Bei ni 4,500 kwa mwezi, unalipa na M-Pesa na wanakubali ugawanye mara mbili. Jumamosi asubuhi mpaka saa saba, alafu Jumatano jioni kwa wenye wanataka mazoezi. Laptopu ni zao, mnatumia watu wawili moja. Viti ni vya plastiki, mgongo utakuuma. Choo kisafi. Stima ikipotea kuna jenereta lakini ni ya mwenye nyumba na inawashwa akitaka yeye. Hayo basi, tuingie kwa kazi yenyewe.

Kitu ya kwanza itakushtua ni kwamba laptopu huigusi. Ziko pale zimepangwa kwa rafu na mwalimu anawaambia mtoe counter book na kalamu. Kulikuwa na mzee mmoja wa boda, mtu wa makamo, akasimama akauliza bila kuficha, "Mwalimu, mimi nimelipia kompyuta, sijalipia kitabu cha mia." Mwalimu ni msichana mdogo tu, nadhani ana miaka ishirini na kitu, lakini hakutetereka. Akamwambia, "Tutafika mzee wangu. Kwanza niandikie vile unarudishia mteja chenji."

Na hapo ndio nikajua hii class si ya mchezo.

Swali lilikuwa hivi: mteja anakudai 80 bob, mrudishie ukitumia vipande vichache kabisa, noti ama sarafu, na usiandike jibu, andika hatua. Hatua zenye hata mtu hajawahi kushika pesa ya Kenya anaweza zifuata na afike. Sasa wewe fikiria, mimi nauza nafaka, kurudisha chenji nafanya usingizini, lakini kuandika vile nafanya ilinitoa jasho. Karibu wote tuliandika kitu kimoja: angalia deni, chukua kipande kikubwa chenye hakipiti hilo deni, toa, rudia mpaka ifike sufuri. Kwa 80 inakupa 50, 20, na 10. Vipande vitatu, safi, kila mtu anatabasamu.

Mwalimu akatoa mfukoni sarafu ya 40. Ile iliyotolewa 2003 ya kusherehekea miaka 40 ya uhuru, iko na sura ya Kibaki. Vijana wengine hawakuwa wameiona maishani, ikazunguka darasa nzima mkono kwa mkono. Akauliza, kama hii iko kwa droo yako, zile hatua zako zitakuambia nini? Zitasema bado 50, 20, 10, juu 50 ni kubwa kuliko 40. Lakini 40 mbili ni 80. Vipande viwili. Mama mmoja anayeuza omena akapiga kelele ati hiyo pesa hakuna mtu anarudisha nayo, na mwalimu akamjibu, "Sawa mama, lakini hatua zako hazikusema zinakataa hiyo pesa. Mashine haitajua." Darasa ikawaka, kila mtu na lake, Kiswahili na Dholuo zimechanganyika, nusu saa nzima tunabishana juu ya sarafu.

Sasa hiyo ndio kufundisha. Kwa pesa ya kawaida, 1, 5, 10, 20, 50, 100 kwenda juu mpaka elfu, hiyo njia ya kuchukua kubwa kwanza haikosei, itakupa vipande vichache kila wakati. Ukiongeza sarafu moja tu mpya, inaweza kuvunjika. Na hakuna ujumbe wowote wa kosa utatokea kukuambia imevunjika, programu itakupa jibu kwa ujasiri kabisa na jibu si bora. Mtu akishaelewa hiyo siku ya kwanza, amepata kitu chenye wengine wanamaliza kozi bila kujua, kwamba programu kurun na programu kuwa sawa ni vitu viwili tofauti.

Binti ya dada yangu alikuwa ameshaenda darasa ingine ya bure hapa mjini kabla ya hii. Huko walianza na kuandika sentensi moja itokee kwa skrini, kila mtu akapiga makofi, alafu wakakopi programu ya kikokotoo kutoka kwa projekta mpaka jioni. Nilimuuliza sasa ukiambiwa utengeneze kitu yako unaanza wapi, akaniambia, "Anko, sijui hata swali ningeuliza." Hiyo si kosa lake. Alifundishwa tahajia hakufundishwa insha.

Kwa ubao wa hii darasa kuna hatua nne zimeandikwa na maka nyekundu na hazifutwi: elewa swali, panga, fanya, rudi uangalie. Mwalimu alisema zimetoka kwa George Pólya, mwanahesabu aliyezaliwa Hungaria, aliyeziandika 1945, wakati kompyuta ulimwenguni zilikuwa za kuhesabika na Pólya mwenyewe alikuwa anaongelea hesabu ya kawaida. Kila mtu akikwama mwalimu haji kushika kibodi, anasimama nyuma yako anakuuliza uko hatua gani. Karibu kila mara mtu yuko hatua ya tatu na hajafanya ya kwanza. Inakasirisha walai, unataka tu akuonyeshe penye kuna shida, lakini ukitoka hapo unaanza kujiuliza mwenyewe kabla hajafika.

Tuongee vifaa. Wanaanza na Scratch, ile ya vipande vya rangi unavishikanisha, ilitoka MIT Marekani mwaka 2007. Ni bure, unaweza iweka kwa laptopu ikafanya kazi bila intaneti, na kitu wengi hawajui, iko na Kiswahili, unaenda penye wameweka lugha unaichagua na vipande vinabadilika. Mwalimu aliwawekea watoto wawili wa class eight waliokuwa na sisi. Uzuri wake ni kwamba huwezi kosea nukta wala mabano, kipande kikikataa kuingia kinakataa tu, kwa hivyo akili yote inabaki kwa mpangilio. Yule mzee wa boda, ambaye mwanzo alisema hii ni katuni ya watoto, ndiye alikuwa wa kwanza kutumia kile cha "rudia mpaka" vizuri, akatengeneza paka anatembea akigonga ukuta anageuka. Lakini ubaya wake ni watu kupotea kwa urembo. Kuna Jumamosi nzima iliisha watu wanabadilisha nguo za paka na sauti, hakuna swali hata moja lilijibiwa. Kwa maoni yangu Scratch kwa mtu mzima Jumamosi mbili zinatosha, watoto waachie wakae.

Alafu mnahamia Python, lugha ya kuandika programu kwa maneno badala ya vipande, na hapa nawapa alama kubwa kwa kuchagua Thonny. Ni programu ya kuandikia Python iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu huko Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Inakuja na Python yake ndani, unaweka mara moja imeisha, hakuna mambo ya kuitisha waifai saa zote. Na iko na kitufe cha kupitia programu mstari kwa mstari, pembeni kuna dirisha linakuonyesha kila kisanduku cha kumbukumbu, ile wanaita variabo, kina nini ndani saa hiyo. Unaona namba zikibadilika mbele ya macho yako.

Hapo ndio mtego wa nauli ulitushika karibu darasa nzima. Programu inauliza nauli ya kwanza, unaandika 50, inauliza ya pili, unaandika 30, inajumlisha, inakuambia 5030. Makanga wa wapi huyo! Sababu ni kwamba Python ikipokea kitu umeandika kwa kibodi inakichukua kama maandishi, na maandishi yakijumlishwa yanaunganishwa tu, kama umeandika majina mawili. Lazima uiambie hii ni namba. Darasa zingine mwalimu angekuambia weka "int" hapo mbele, usiulize. Huyu alitufungulia Thonny tukaona kwa macho kwamba ile 50 iko ndani ya alama za kufunga maneno, si namba. Sitasahau hiyo.

Kitu ingine wanafanya sana, na wengi wanachoka nayo, ni jedwali la kufuatilia. Kabla ya kubonyeza kitufe unachora safu kwa kitabu, kila variabo safu yake, unajifanya wewe ndio kompyuta, unapitia programu mstari mmoja mmoja ukiandika thamani mpya. Inachosha kweli. Lakini niwape mfano mmoja. Tuliambiwa tuandike programu ya kutafuta siku yenye faida kubwa kwa wiki. Mtu anaweka kisanduku "kubwa" anaanza na sufuri, alafu anapitia kila siku, kama faida ya leo inapita kubwa, kubwa inakuwa hiyo ya leo. Tukajaribu na namba za wiki nzuri, inafanya kazi. Kila mtu anataka kuendelea na swali lingine.

Mwalimu akaandika wiki yake: hasara 200, hasara 50, hasara 300, yaani namba zote ziko chini ya sufuri. Fuatilia kwa kitabu. Sufuri inapitwa na hasara 200? Hapana. Na hasara 50? Hapana. Mwisho programu inakuambia siku bora ulipata sufuri, na hakuna siku kama hiyo kwa hiyo wiki, siku bora ni ile ya hasara 50. Mimi nikacheka peke yangu juu wiki kama hizo mimi nazijua kwa jina. Dawa yake ni usianze na sufuri, anza na siku ya kwanza yenyewe. Mstari mmoja tu unabadilika, lakini huwezi uona kama haujafuatilia kwa mkono.

Swali lenye nililipenda zaidi ni la mvua. Unapokea mvua ya kila siku kwa milimita, mtu akiandika 99999 ndio mwisho, alafu utoe wastani. Linaonekana la mtoto. Mwalimu akasema hili swali lina historia, Elliot Soloway wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, alilitumia miaka ya 80 kuangalia vile wanafunzi wanajifunza programu, na wanafunzi wa chuo kikuu wengi lilikuwa linawaangusha. Nikaona haiwezekani. Alafu ikaanza: mmoja amejumlisha ile 99999 yenyewe ndani ya mvua, Kisumu ikafurika. Mwingine mtu akiandika namba ya chini ya sufuri anaipokea, mvua inanyesha kwenda juu. Na karibu wote wakasahau siku ambayo mtu anaandika 99999 mara moja tu mwanzoni, hakuna siku hata moja imehesabiwa, unagawanya kwa sufuri, Python inakutemea maandishi mekundu. Mstari mmoja mmoja kila mtu alikuwa anajua kuandika. Shida ni kuunganisha vitu vitatu kwa wakati mmoja, kusoma, kujumlisha, kuhesabu siku, na kujua nini kinaingia ndani ya lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia, na nini kinabaki nje. Hapo ndio ugumu wa programu uko, na hii darasa wamekaa hapo Jumamosi mbili bila aibu. Heko.

Ya kutafuta pia ilikuwa tamu. Alikuja na vitabu vya risiti, zenye namba kwa mpangilio, 1 mpaka 1000, akasema niletee namba fulani lakini kila ukifungua ukurasa unahesabiwa. Kijana mmoja akaanza kufungua kutoka moja, mwingine akafungua katikati, akaangalia kama anayotaka iko mbele ama nyuma, akatupa nusu, akafungua katikati ya iliyobaki. Kwa 1000 huwezi zidi mara kumi. Mwalimu akauliza, na sajili ya wapiga kura ya 2022, watu milioni 22 na kitu, kama imepangwa kwa namba ya kitambulisho? Watu wakataja elfu, laki. Jibu ni mara 25, haizidi. Mama wa omena hakuamini mpaka akagawanya kwa mbili kwa kitabu yake, akafika mwisho, akasema "ayaye". Alafu ndio mwalimu akaongeza kwamba haya yote yanakufa kama risiti hazijapangwa, na mkaingia kwa kupanga, ile ya kutafuta ndogo kabisa unaweka mwanzo, tena ndogo inayofuata, hivyo hivyo. Ona vile somo moja linavuta lingine bila mtu kutaja silabasi.

Sasa nilisema kuna mwalimu nitamsema. Jumatano kuna kijana mwingine anashikilia, na huyo ndio sababu siwapi nyota tano. Kujua anajua, sikatai, anaandika programu haraka kuliko vile mimi nasoma mesej. Lakini anafundisha akiangalia skrini. Anaandika, inafanya kazi, anasema "simple," anafuta, anaendelea. Ukiuliza swali anakuja anachukua kibodi, anarekebisha, anarudi, na wewe umebaki vile ulikuwa. Ile Jumatano ya lupu alifika penye unasema range, yaani mfululizo wa namba za kuhesabu, ya 1 mpaka 10 na Python inaishia 9, mtu akauliza kwa nini 10 haikuhesabiwa, akajibu ndio vile iko. Kwani tumelipa 4,500 kuambiwa ndio vile iko? Msichana wa Jumamosi aliulizwa hiyo hiyo, akaandika kwa ubao range ya 0 mpaka 10, akatuambia tuhesabu ziko ngapi, zikawa kumi, akasema namba ya mwisho ni mahali pa kusimama si mahali pa kuingia, na ukianza na sufuri ile namba ya mwisho inakuambia moja kwa moja lupu itazunguka mara ngapi. Dakika mbili tu. Wenye wameendelea wanampenda yule kijana, na labda angekuwa mzuri kwa darasa ya mbele, lakini kwa mtu anaanza ni kuumizana. Nimewaambia wenyewe kabla ya kuandika hapa, wakasema wataangalia.

Pia darasa inajaa. Mwanzo tulikuwa wa kutosha, baadaye wakaongeza watu katikati ya awamu, na hao walioingia nyuma ikabidi waanzishwe pembeni, mwalimu mmoja anakimbia huku na huku. Wasipoweka kikomo watajiharibia. Halafu wawili kwa laptopu moja kuna siku inasaidia, mnabishana mnaelewa, lakini ukiwekwa na mtu wa kuvuta kibodi utakuwa mtazamaji tu. Omba mbadilishane kila nusu saa, usione haya.

Simu zinawekwa kwa kikapu mlangoni. Sheria ililetwa baada ya vijana kuanza kuuliza zile programu za AI majibu na kuleta kitu imeandikwa vizuri ajabu yenye hawawezi kuieleza. Mwalimu hakugombana, aliwapa tu jedwali la kufuatilia wajaze kwa mkono mbele ya darasa. Ikaishia hapo. Mwishoni mwa mwezi wa pili wa awamu aliruhusu simu, swali likawa kinyume, AI imetoa jibu hili la chenji, tafuta mahali linakosea ukiweka ile sarafu ya 40. Kwa maoni yangu hiyo ndio matumizi ya maana kwa mtu anayejifunza.

Na ile chenji tuliirudia, sikuwa nimesahau. Mwisho wa awamu mkishajua listi, yaani orodha ya thamani ndani ya programu, anawaonyesha njia yenye haidanganywi na sarafu yoyote. Unaanza na shilingi moja, unapanda mpaka 80, kila kiasi unaandika kwa listi vipande vichache vinavyohitajika. Ukifika 80 huanzi upya, unajiuliza tu kipande cha mwisho nilichotoa kilikuwa gani. Kama ni 50, ilibaki 30, na 30 tayari ulishaandika ni vipande viwili, kwa hivyo jumla tatu. Kama ni 40, ilibaki 40, na hiyo ni kipande kimoja, jumla mbili. Unajaribu zote unachukua ndogo. Programu yenyewe haijai hata nusu ukurasa. Binti ya dada yangu aliiandika peke yake, bila kukopi, alafu akaongeza sarafu yake ya kujitungia ya shilingi 7 kuona kama itakubali. Hakuna mtu alimwambia afanye hivyo. Mimi hiyo ndio niliona pesa yangu imerudi.

Kuna mtu ataniuliza kwa nini ulipe na vitu viko bure. Ni kweli, kozi ya kompyuta ya CS50 ya Chuo Kikuu cha Harvard, ya David Malan, iko kwa mtandao bure, na ni nzuri, niliangalia masomo kadhaa. Lakini inaenda kwa kasi, Kiingereza chake ni cha haraka, bando inakula, na ukikwama saa nne usiku hakuna wa kukuuliza uko hatua gani. Kama wewe ni mtu wa kujisukuma mwenyewe baki nyumbani, weka Thonny, tumia hizo 4,500 kwa bando. Kama ni mtu kama mimi wa kufunga duka saa moja umechoka, unahitaji darasa lenye watu.

Wazazi nao, najua mnasikia habari ya kodingi tangu 2022 vile KICD, ile taasisi ya mitaala ya Kenya, ilipitisha silabasi ya kodingi ya shule za msingi na sekondari, na sasa kila kona kuna bango. Msiangalie bango, ombeni mkae ndani saa moja mwone. Ukikuta watoto wote wana skrini yenye programu moja inayofanana neno kwa neno, chukua mtoto wako mwende Dunga mle samaki, itamfaidi zaidi. Ukikuta wanabishana na skrini zimezimwa, lipa.

Cheti wanatoa, unaongeza 500, karatasi nzuri ya kung'aa. Mimi sikuchukua. Sidhani kuna mtu atakuajiri kwa hiyo karatasi na wenyewe hawasemi atakuajiri, hiyo niliwaheshimu nayo, maana kuna wenye wanaahidi kazi ya dola baada ya wiki sita.

Kwa ufupi wa bei na nguvu: Jumamosi nawapa nne na nusu kwa tano, Jumatano mbili. Kama unataka tu websaiti ya biashara yako itoke kabla ya mwisho wa mwezi hapa si mahali pako, tafuta kijana anayejua akutengenezee mmalizane. Awamu mpya wanafungua shule zikifunga, na wanafunzi wa form four wanajaza haraka kwa hivyo wahi. Beba counter book ya kurasa nyingi, rula ya kuchora yale majedwali, na kitu ya kuwekea mgongo kwa kile kiti.